Usingizi wa Baba

Kilosa,
Juni 2002

Kaka yangu Bonifas,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi Elizabeti na watoto, nikiamini homa ya yule mdogo imeshapoa. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri, na baba anamaliza ugali wake wote, jambo ambalo mwezi wa pili nisingeweza kukuandikia.

Asante kwa vidonge. Nilimsomea baba maandishi ya kwenye kopo, kwamba ndani kuna chembechembe zilizotolewa kwenye maziwa na zinaleta usingizi. Akacheka, akaniuliza ni nani aliyekamua kidonge. Nikamwambia siku hizi madukani kila kitu kinaingia, ameze tu. Alimeza mpaka kopo likaisha, na bado nilimsikia akizunguka uani hadi majogoo wanawika. Unajua mwenyewe, tangu apunguzwe kazi ya reli, na mama akatutoka mwaka uleule, kitanda alikichukia. Alikonda, akaanza kusahau hata jina langu. Niliogopa, kaka. Niliona tunamzika na yeye.

Nikasema basi, kama dawa yenyewe ni maziwa, tuanze na maziwa. Nikaongea na Hildegarda, mjane aliyehamia hapa kutoka Zombo, anayefuga ng'ombe nyuma ya stesheni, atuletee ya jioni. Nikayachemsha, baba akanywa. Wapi! Lakini Hildegarda ana mdomo. Siku ya pili alimkuta baba barazani, akamwambia uso wake umekunjamana kama shuka la mgonjwa, asogee naye aketi. Baba akasogea. Toka hapo ikawa Hildegarda haondoki mpaka kikombe kiishe, wakibishana habari za treni na za ng'ombe wake mkorofi. Baba akaanza kulala, tena kwa kukoroma. Nami nikawatangazia majirani wote kwamba maziwa ni dawa.

Mwezi uliopita Hildegarda alikwenda Kidodi kumuuguza dada yake, ng'ombe akamwachia jirani. Maziwa yaliendelea kuja, ng'ombe ni yuleyule, na kikombe ni kilekile. Baba hakufumba jicho wiki nzima. Ndipo nikaelewa.

Nilimuuliza waziwazi. Akasema anataka kumuoa, ila anakuogopa wewe. Baba yetu, aliyekuwa akikohoa tu sote tunakaa kimya, anakuogopa wewe, kwa sababu siku ya arobaini ya mama ulisema hakuna mwanamke mwingine atakayeingia nyumba ile. Siku ile nami niliitikia. Leo siitikii.

Kwa hiyo nakupa taarifa, siombi ruhusa. Barua ya posa nimeipeleka mwenyewe, na kaka zake Hildegarda wameipokea. Ndoa ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Nafasi yako ya mtoto mkubwa ipo pembeni ya baba, na usipokuja nitasimama mimi. Usidhani nimemsahau mama. Namlilia hata sasa ninavyoandika, lakini baba yu hai, na nataka aendelee kuwa hai.

Wasalimie wote nyumbani, na Hildegarda naye anakusalimu. Vidonge usilete tena. Saa hizi ni mchana, baba kalala kwenye mkeka na redio inaongea peke yake. Ukija, kaka, piga hodi taratibu.

Ni mimi mdogo wako,
Fausta