Maji Hayana Adabu

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Siku ya hamsini na tatu tangu chuo kinisimamishe kwa "utovu wa nidhamu". Utovu wenyewe: nilipanda juu ya meza ya mkahawa wa wanafunzi, kijitabu cha matangazo ya chuo mkononi, nikauliza chemchemi ile ya ukurasa wa kwanza inamwaga maji ya nani, ilhali hosteli zetu zilikuwa na wiki tatu bila tone. Nikatamka: picha ya maji yasiyokuwepo ni wizi! Walishangilia hadi vikombe vikaanguka. Kikao cha kunihukumu ni tarehe kumi na mbili Septemba, na sentensi hiyo ndiyo nguzo ya utetezi wangu. Sina nyingine. Sihitaji nyingine.

Kwa sasa mwanamapinduzi anauza sura za watu. Studio ya Kitheka, Machakos mjini, mkabala na duka la mbegu. Kompyuta moja, skana moja, Photoshop ya kunakili. Maporomoko ambayo mwenyewe aliyachora ukutani kwa rangi ya milango yamestaafu. Siku hizi Kitheka huwapeleka wateja Mombasa kwa kipanya. Huwakata, huwabandika juu ya bahari, kwisha. Wanasimama juu ya maji kama Petro kabla hajapata shaka – hawana kivuli, hawana taswira majini. Nilipomkosoa alijibu kwamba hajawahi kuona mteja akirudisha bahari.

Jioni ameingia Mama, kutoka Kivaa, bila taarifa. Amefunga kile kitambaa cha kichwa cha vikao. Kuna jambo.

Jumanne, 6 Agosti

Jambo lenyewe ni maji. Lingekuwa nini tena, Ukambani?

Mama ni mwenyekiti wa mwethya wa akina mama kwetu. Ni wanawake thelathini na mmoja, wa bondeni na wa mlimani, waliokubaliana kwamba kazi ya mmoja ni kazi ya wote. Miaka miwili wamebeba mawe, wakajenga ukuta kukatiza mto wetu. Bwawa la mchanga. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, maji hujificha humo ndani jua lisiyaone. Ukichimba kina cha kiwiko, unateka. Ukitazama tu, unaona jangwa.

Na hapo ndipo penye kizaazaa. Rodgers, karani wa wafadhili kule Nairobi, ameandika kwamba ripoti iambatane na picha "inayoonyesha maji" kabla ya mwezi kwisha. La sivyo, saruji ya bwawa la pili itaenda wilaya nyingine. Mama alikuwa amekwisha kumtumia picha: shimo mchangani, kata ya kibuyu, maji yakimeta. Rodgers aliirudisha. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: hili ni shimo.

Laiti bwawa la pili lingekuwa letu! Ningewaambia wavumilie. Lakini ni la wanawake wa juu mlimani, wale wa kina Kamanthe, waliovunja mawe pamoja nasi kwa ahadi kwamba letu likiisha tunapanda kujenga lao. Bibi Kamanthe ana miaka sabini. Kila siku hutembea saa mbili kuja kuteka kwetu, kisha hupanda nyumbani, mtungi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso.

Mama anataka nitie maji kwenye picha.

Nilimhutubia. Hoja tatu, kila moja na vifungu vyake. Nilimweleza kuhusu ulaghai wa taswira na jinsi wanyonge wanavyorithishwa silaha za wanaowanyonya. Alikunywa chai yake yote. Akaweka kikombe.

"Mutanu, mimi sisemi uongo. Hiyo maji iko. Wewe itoe tu juu."

Nimewahi kumshinda naibu wa mkuu wa chuo mbele ya umati. Hapa nilichukua kikombe chake, nikaenda kukiosha.

Jumatano, 7 Agosti

Jaribio la kwanza. Nimeingiza kwa skana picha ya akina mama wakiwa wamejipanga juu ya ukuta. Nimeinakili, nimeipindua kichwa chini, nimeibandika mahali pa mchanga, nikaitia samawati. Matokeo: akina mama thelathini na mmoja wameungana kiunoni na wenzao waliopinduka, kama malkia wa karata. Kitheka aliinamia kioo, akauliza turufu ni ipi.

Nimeongeza mawimbi. Sasa ni malkia wa karata walioloa.

Ijumaa, 9 Agosti

Tatizo langu ni kwamba sijawahi kuyatazama maji. Mtoto wa ukame! Maji kwetu huhesabiwa kwa mitungi, hayatazamwi. Basi nimekwenda bwawa la Maruba na daftari, nikakaa ukingoni asubuhi nzima kama mpelelezi. Mchunga mbuzi mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu: itikadi. Akanionyesha njia ya kurudi mjini.

Niliyoyaona. Taswira ni nyeusi kidogo kuliko mwenyewe – maji hutoza ushuru wa nuru. Karibu na ukingo ni kali, ikienda mbali hufifia na kuvutika. Aliyesimama nyuma ya ukingo hukatwa miguu. Maji humwanzia magotini.

Kisha lile kubwa. Mbuzi alikuja kunywa. Mimi nilimwona mgongo. Majini niliona tumbo lake, chuchu, kupe wawili. Nilikaribia kupiga yowe. Taswira si picha iliyopinduliwa! Maji hayatazami kutoka nilipo mimi. Yako chini, yanatazama juu. Yanaona kidevu, ndani ya pua, chini ya ukingo wa kofia, na – samahani, wazee wa kanisa – chini ya sketi.

Maana yake sina malighafi. Nahitaji kuwapiga picha akina mama kutoka mahali pa maji.

Jumapili, 11 Agosti

Kivaa, baada ya ibada. Nimelala kifudifudi mchangani, kamera ya Kitheka mkononi, chini ya ukuta uliobeba mwethya mzima. Niliwaeleza kanuni ya mbuzi. Kisha Munyiva, mweka hazina, mwanamke ambaye sijawahi kuona meno yake, akauliza kama hayo maji ni ya kike au ya kiume. Nikasema maji hayana adabu, hutazama kila mtu. Akasema basi yeye atavaa suruali ya marehemu mumewe kwanza. Wengine wakabana leso katikati ya mapaja. Mwingine alitaka kujua kama mchungaji wa kanisa ataiona. Mama akaamuru nipige upesi kabla hawajakumbuka kwamba wameokoka.

Nilipiga filamu nzima. Wanacheka, videvu juu, matundu ya pua wazi kama mapango. Bibi Kamanthe huvaa kofia pana ya majani. Kwenye picha yoyote ya kawaida huoni uso wake. Kutoka chini niliuona wote. Hana meno ya mbele. Alikuwa akicheka kuliko wote, yeye ambaye bwawa lake bado ni maneno.

Aliponisaidia kunyanyuka aliniambia nifanye hiyo maji iwe mingi, Rodgers ashibe.

Jumatano, 14 Agosti

Imekwisha.

Juu, akina mama wa picha ya kwanza, wenye heshima zao. Chini, akina mama wa mchangani, wamepinduliwa, wametiwa kiza, wamevutwa kwenda chini na kufifia kadiri wanavyosogea mbali na ukuta. Nimevuruga kingo zao mstari kwa mstari, viwimbi vidogo karibu, vipana mbali. Mbingu ya majini nimeifanya nyeusi kuliko mbingu ya mbinguni. Waliosimama nyuma nimewakata miguu. Nimetupa na jani moja kavu juu ya maji, nalo lina taswira yake. Jani! Nilitumia saa mbili kwa jani.

Kitheka alikuja nyuma yangu na chapati, akanyoosha kidole akigusa kioo, kisha akajifuta kidole kwenye shati. Kidole kilikuwa kikavu. Tuliangalia kile kidole sote wawili.

Nilijisikia mungu. Kisha nikakumbuka chemchemi ya chuo, nikajisikia mpiga chapa wao.

Mama aliitazama, akatikisa kichwa taratibu. Alisema amependa, ila maji ya namna hiyo yanaua watoto. Akaikunja ndani ya Biblia na kwenda posta.

Jumanne, 27 Agosti

Rodgers amepiga simu studio. Amefurahi mno! Anasema ni picha bora kuliko zote za wilaya, ameibandika ukutani ofisini, na bosi wake ameuliza kama kuna samaki. Nilimjibu kwamba samaki bado wanasajiliwa. Hakucheka. Nilisikia kalamu yake ikiandika.

Ijumaa, 30 Agosti

Ee Mwenyezi, unayepinda hata miali ya nuru majini, kwa nini hukunipinda shingo?

Picha ile imemfikia mhandisi wao. Si karani. Mhandisi, anayejua mabwawa ya mchanga. Barua yake ni fupi na imeniua kwa adabu. Anasema maji yaliyosimama wazi mwezi wa Agosti, mahali palipopaswa kujaa mchanga, yana maana moja tu: mchanga haukuingia, bwawa limeshindwa. Jua litayanywa, mbu watazaliana, na kikundi kilichoshindwa na bwawa moja hakipewi la pili. Atakuja mwenyewe tarehe saba kuthibitisha.

Yaani Rodgers alirudisha ukweli kwa sababu ulifanana na shimo. Mimi nikatengeneza uongo uliokamilika – uongo wenye jani! – nao umekuwa ushahidi dhidi yetu. Angalau ningeutengeneza vibaya. Malkia wa karata wangetuokoa.

Nimempigia Rodgers. Anasema hilo sasa ni suala la kitaalamu.

Jumapili, 1 Septemba

Nimewaambia akina mama, wote, nje ya kanisa. Nilitarajia kulaumiwa. Bibi Kamanthe aliuliza swali moja tu: kama mhandisi anajua kuchimba.

Jumamosi, 7 Septemba

Ninaandika nikiwa kwenye jiwe la kufulia, kando ya mto. Mhandisi yuko ndani ya gari lake, mlango wazi, anakula muthokoi aliopewa na Mama. Ananisubiri mimi. Wote wananisubiri mimi.

Niandike yalivyotokea.

Amefika saa nne. Mhandisi Katunge, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kitui, buti za mpira, hasemi sana. Alishuka mtoni akiishikilia picha yangu mbele ya uso kama mtu anayelinganisha pasipoti. Mbele yake mchanga, mweupe, mkavu, ukingo hadi ukingo. Nyayo za punda. Alishusha picha. Akaipandisha. Akaishusha.

Mama alipiga magoti, akachimba kwa mikono hadi kiwiko, akangoja, akateka kwa kata na kumpa. Mhandisi akanywa yote. Kisha akachukua fimbo ya chuma, akapima mchanga mahali kumi na mbili, huku Bibi Kamanthe akimfuata kila hatua na kofia yake.

Mwishowe akasema, "Hii ndiyo bwawa nzuri nimeona mwaka huu. Mngenitumia picha ya shimo, simiti ingekuwa imefika."

Munyiva akamjibu kwamba waliituma, na kwamba iko na wino mwekundu. Akaitoa kwenye kyondo. Mhandisi akaisoma ile kalamu ya Rodgers, akafumba macho kidogo.

Nilidhani tumepona! Lakini amesema hawezi kupitisha ripoti yenye picha ya kughushi kana kwamba hakuiona. Faili lina picha ile. Lazima lipate na maelezo, kwa maandishi, yenye jina. Nani aliyatia hayo maji? Aandike barua, naye mhandisi ataisoma leo, hapa hapa, kisha ataamua kama kikundi kibaki kwenye orodha.

Nikainua mkono. Miaka mitatu ninainua mkono huu, na leo ndiyo mara ya kwanza umekuwa mzito. Nilimwona akilini mwenyekiti wa kikao cha tarehe kumi na mbili akinisomea sentensi yangu mwenyewe. Picha ya maji yasiyokuwepo. Faili la wafadhili halina miguu ya kutembea hadi chuoni, najua. Lakini nitaitamka vipi tena, mimi, kwa mdomo huu?

Mhandisi akanipa karatasi na kalamu. Kabla sijaigusa, Bibi Kamanthe alishaichukua. Akaniambia, kwa upole, kama mama anayemkumbusha binti yake kufunga zizi:

"Hii ni kazi ya mwethya, mwiitu wakwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo juu nikicheka."

Akapaka kidole gumba wino wa kalamu, akakikandamiza chini kabisa ya karatasi. Munyiva akatia sahihi, kwa mkogo, kama waziri. Mama. Kisha wengine, foleni, wakisukumana na kutaniana nani kidole chake kimekaa kama kwato. Mhandisi alifungua mdomo kuwazuia, akaamua kula.

Karatasi imenirudia. Majina na madole thelathini na moja yamejaa nusu ya chini. Nusu ya juu ni nyeupe. Wametia sahihi kitu ambacho hakijaandikwa, kwa sababu wanajua nitakiandika vizuri. Nimeacha nafasi ya jina langu pembeni, karibu na dole la Kamanthe, na nafasi hiyo bado iko wazi.

Kamanthe ameuliza kwa sauti kama ninaandika au ninajikuna. Wanacheka. Hawajui hili ni daftari langu. Wanadhani nusu ya barua imekwisha. Nimejaza kurasa tatu hapa. Kule sijaandika hata neno.

Sahani ya mhandisi inakaribia kwisha. Anapangusa vidole. Najua neno la kwanza ni "Mimi". La pili ni "Mutanu". Nafunga daftari.