Truphosa, Jibu Lako la Jumapili

Umetimia mwaka mmoja, Truphosa, tangu tukulaze kando ya baba hapa Keringet. Viazi tumevuna mara mbili. Mbwa wako uliyemfuga nyumbani kwako Kiamunyi tunaye, lakini bado anatuona wageni.

Kwa miaka kumi na minne ulichunguza akili unde katika ulinzi: zile mashine za vita zinazofundishwa kumtafuta adui zenyewe. Uliitwa Addis, ukaitwa Geneva, ukakaa na wanajeshi na mabalozi ukiwauliza maswali wasiyoyapenda. Hapa nyumbani watu walisikia neno moja tu: jeshi. Kila ukija, kina mama walikungoja na vyeti vya vijana wao. "Daktari, huyu wangu anakimbia kama swara, muingize tu." Hukumfukuza mtu. Uliwapa chai, ukasoma kila cheti mpaka mwisho, ndipo ukawaambia ukweli: wewe huandikishi askari.

Kakako Micah, aliyeacha shule darasa la saba, alikuita Jenerali.

"Jenerali gani anaogopa bata mzinga?"

"Yule mwenye akili," ukamjibu, ukavaa gambuti zake, mkaenda kukama. Ulikama vibaya. Hatutadanganya kwa sababu umekufa.

Jumatano ya wiki yako ya mwisho ulimpigia simu. "Micah, mtu akija jioni kutoka mtoni, na uso bado huuoni, unajuaje kama ni adui?"

"Hayo ni maswali ya watu wasio na ng'ombe. Nakama sasa. Nitakuambia Jumapili, ukipiga kama kawaida."

Ijumaa moyo wako ulisimama. Jumapili ilipofika, tulikuwa tunapanga mazishi.

Nikita, mwenzako wa kazi, alituletea daftari lako. Ukurasa wa mwisho una swali hilo hilo, na chini yake umeandika: Micah atajibu Jumapili. Sehemu iliyobaki umeiacha wazi.

Micah hakuzoea kalamu, lakini nafasi hiyo ameijaza. Jibu ni hili: hujui. Unamwita. Halafu unangoja aitikie, hata kama unaogopa.

Nikita alilisoma mara mbili. Kisha akasema, "Hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Hizo mashine hakuna anayezifundisha kungoja."

Lingekufaa ukiwa hai, Truphosa. Lilikuwa jibu la dakika moja, na ng'ombe wangengoja.

Simu ya Jumapili hailii tena. Micah huiweka mezani hata hivyo. Jioni husimama getini, akaita jina lako upande wa mtoni, akangoja kidogo, kisha akaenda kukama peke yake.

Unakumbukwa na mama yako Tapsubei, ambaye bado anakupakulia. Kakako Micah na mkewe Chepkemoi. Watoto wao Kiplimo na Chepchumba, waliokuita senge, yaani shangazi kwa lugha yetu. Nikita na wenzako wa kazi. Na kina mama wa vyeti, ambao wawili wao walikulilia kuliko sisi.

Daima tutakukumbuka. Daima tutakuita.