Bajeti ya Siku Arobaini

Misunkumilo,
Mpanda.
14 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Marsela,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, zikufikie wewe, shemeji Krispini na wapwa zangu wote wawili. Naomba barua hii iwakute wazima, na baridi ya Makambako iwe imewapunguzia kidogo, maana kila tukiongea nasikia unakohoa. Sisi huku tunaendelea. Watoto wanaenda shule, joto limeanza kupanda na vumbi la Misunkumilo unalijua. Kazi ya dukani kwa Mustapha bado ninayo. Mwezi huu watu wanajenga sana, kwa hiyo kutwa nzima nahesabu mabati na misumari.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii na mara zote nimeishia kukuuliza bei ya viazi. Hadia, yule binti wa Mustapha, anarudi chuoni Iringa na amekubali kuishusha barua kwenu akipita. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Mama anakula vizuri na presha imetulia. Salima jirani anakuja kumwogesha kila asubuhi, Mungu ambariki. Daktari amesema nyonga inaunga, ataweza kutembea ndani ya nyumba akishikilia ukuta au mkongojo, ila mwendo mrefu ndiyo basi tena. Hayo nilishakwambia. Nilichokudanganya ni mahali alipoangukia. Nilisema aliteleza bafuni. Mama hakuteleza bafuni, Marsela. Aliangukia Manyovu, mpakani, akijaribu kwenda Burundi peke yake.

Safari hiyo unaijua tangu mwanzo, lakini acha niieleze yote, maana mpaka sasa umesikia upande wangu tu, na upande wangu haukuwa mnyoofu.

Unakumbuka mwaka 2022, Januari, ulipokuja na watoto, Mama akatuambia kwa mara ya kwanza habari za Mathiasi. Tulikuwa tunajua kwamba walikimbia Burundi mwaka 1972, yeye akiwa na miaka kumi na minne, na kwamba mama mdogo Spesiyosa alibaki kwa bibi kwa sababu alikuwa anaumwa. Hatukujua kwamba Mama alikuwa amebeba mgongoni mdogo wao mwingine, huyo Mathiasi, wa miaka mitatu, na kwamba aligundua amekufa walipofika kwenye kijito na kusimama kunywa maji. Walimfukia pale pale, wakaweka mawe, wakaendelea. Wewe ulilia. Mimi nikamuuliza anataka tufanye nini. Akasema anataka kurudi kwa njia ile ile, kwa miguu, toka mpakani mpaka kwa Spesiyosa, polepole, kwa sababu kijito kile hakina jina analolijua na kwenye gari hatapaona.

Basi mimi, mtu wa hesabu, nikachukua daftari. Siku arobaini kwenda na kurudi, mimi na yeye. Pasi mbili za kusafiria, laki tatu. Nauli ya basi mpaka Kigoma na mpaka Manyovu, na kurudi. Chakula elfu nane kwa siku. Malazi nusu ya siku tu, nusu nyingine tulihesabu tutalala kwa watu na parokiani. Begi mbili za mgongoni za mtumba, turubai, chandarua, dawa zake za presha, kitenge cha Spesiyosa, na kidogo cha dharura. Ikafika milioni moja na laki tatu na nusu. Tukakubaliana wewe utume elfu ishirini kila mwezi, mimi niweke elfu ishirini, Mama aongeze mauzo ya maharage ya shamba lake la Mishamo. Tukasema miaka miwili itatosha.

Wewe ulikuwa mbali, hukuona alivyojiandaa. Begi lake la bluu nililinunua sokoni mapema, akawa anajaza humo kilo tano za maharage na kutembea nalo kila Jumamosi, toka hapa Misunkumilo mpaka sokoni na kurudi. Baadaye akaweka kilo nane. Watu wakawa wanamwita bibi mtalii. Alikuwa anacheka nao. Salima alimuuliza kama anakwenda kuangalia viboko mbugani, akajibu kwamba viboko alishawaona utotoni na hawakuwa na kiingilio.

Januari mwaka jana nikakwambia bajeti imepanda, nauli imepanda, faranga za Burundi zimebadilika bei, sasa tunahitaji milioni moja na laki tisa. Hukuuliza kitu, ukaendelea kutuma. Januari mwaka huu nikasema tena imepanda, milioni mbili na laki nane. Ukasema sawa kaka. Mama naye akasema sawa.

Mwezi wa sita mama mdogo Spesiyosa alipiga kwa simu ya jirani yake, kama kawaida. Mama alizungumza naye uani, simu ikiwa kwenye spika, nami nilikuwa natengeneza mlango wa banda la kuku, nikasikia. Spesiyosa alimwambia kwamba ile njia ya zamani inayoteremka mpakani inapanuliwa. Watu wamekuja na rangi nyekundu wameweka alama kwenye mawe na miti, na magreda yameshaanza kazi upande wa pili. Mama alikata simu akabaki amesimama. Kisha akaja pale bandani akaniuliza tumebakiza kiasi gani. Nikamjibu, bila hata kufungua daftari, kwamba bado laki tano na elfu ishirini. Akaniuliza kama haiwezekani kwenda na iliyopo. Nikasema, "Mama, tutakwama njiani, tutadhalilika kwenye nchi ya watu."

Alinitazama, akasema, "Haya."

Siku ya tatu nilirudi kutoka dukani saa kumi jioni nikakuta watoto wapo kwa Salima wanakula. Salima akaniambia Mama amepanda basi la Kigoma asubuhi na ameacha neno kwamba nisimfuate, atarudi. Alikuwa amechukua begi la bluu na elfu tisini na tano za maharage ya msimu huu. Pasi hakuwa nayo. Pasi hatukuwahi hata kuomba.

Nilimpigia siku nzima iliyofuata, simu imezimwa. Siku ya nne tangu aondoke nikapigiwa na mwanamke mmoja muuza ndizi wa Manyovu. Aliniambia mama yangu alifika mpakani akaeleza shida yake yote kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na ofisa akamsikiliza vizuri mpaka mwisho, akamwambia bila karatasi hawezi kumpitisha, arudi nyumbani akaombe, siyo mbali. Mama akashukuru. Akalala parokiani usiku mbili. Asubuhi ya tatu akaamua kupita kwenye njia ya wakulima, ile inayoshuka mashambani. Umande ulikuwa mwingi, na begi mgongoni. Walimkuta pembeni ya mgomba hajapiga hatua mia mbili kutoka barabarani.

Nilikwenda kumchukua. Alikuwa amelazwa, mguu umefungwa, kwenye kitanda cha dirishani ambako vilima vya Burundi vinaonekana. Tulimhamishia kwenye hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji. Gharama nililipa kwa kuuza pikipiki yangu. Ndipo nilipokupigia nikakudanganya habari ya bafuni, kwa sababu nilijua swali lako la kwanza lingekuwa kwa nini alikwenda peke yake.

Sasa nifike pale ninapokuogopa.

Wiki ya pili hospitalini Mama alisikia nimeuza pikipiki, akakasirika. Alisema kwa nini niuze chombo cha kazi wakati hela ya safari ipo benki na safari yenyewe imeshakufa. Akaniambia niitoe nilipe. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nikaliweka chini. Nikamwambia hela ile siwezi kuigusa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu ilitosha tangu zamani.

Ndiyo, Marsela. Ilitosha. Desemba 2023 benki kulikuwa na milioni moja, laki tatu na elfu sitini, na bajeti yetu ilikuwa milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Nauli haikuwa imepanda kiasi kile. Faranga sikuwahi hata kuulizia. Nilikaa dukani mchana mmoja, wateja hakuna, nikafungua daftari nikaandika namba mpya, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaza fomu. Mwaka uliofuata nikafanya hivyo tena. Kila elfu ishirini uliyotuma tangu hapo, uliituma kwa uongo wangu. Sikuila hata senti. Karatasi ya benki iko ndani ya bahasha hii, utaona mwenyewe. Lakini natamani ningekuwa nimeiba tu. Ningeiba, ungejua cha kunidai.

Utauliza kwa nini. Desemba hiyo hiyo nilimsikia Mama akiongea na Spesiyosa. Alimwambia akifika atakaa naye mpaka amchoke. Alisema akicheka, lakini mimi sikuisikia kama utani. Unajua mke wangu Doto alipoondoka kwenda machimboni Geita aliniachia watoto, mkubwa ana miaka mitano, mdogo mitatu. Mama aliacha shamba lake Mishamo akaja kunilelea. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaamsha, akiwapeleka shule, akiwatibu homa. Mimi narudi jioni chakula kiko mezani na nguo zimekunjwa. Nilijiona nimerudi toka Burundi peke yangu, nafungua mlango, nyumba imenyamaza. Nikaogopa. Sikusema naogopa. Nilisema nauli imepanda.

Pale hospitalini Mama aliponisikia aliniuliza hela ilitimia mwezi gani. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, halafu akasema:

"Basi Januari ile miguu yangu ilikuwa mizima."

Baadaye, manesi walipokwisha kupita, akasema tena, wala hakupandisha sauti:

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa, Sixte. Tungeenda na watoto."

Marsela, nimehesabu vitu vingi maishani. Hilo la kwenda na watoto sikuwahi kuliandika kwenye daftari hata mara moja. Pasi zao mbili, begi mbili ndogo zaidi, na chakula chao kidogo. Ningeweza. Isingefika hata laki sita.

Tangu turudi nyumbani hajanigombeza. Ananiitikia, anakula ninachopika, watoto wanalala miguuni pake kama zamani. Mwezi uliopita nilikwenda kuanza maombi ya pasi yangu. Nikarudi nikamwambia nitakwenda mimi, nitaipita njia yote kwa miguu kwa siku hizo hizo, nitamtafuta Mathiasi kabla magreda hayajafika. Nikakaa mbele yake na kalamu, nikamwomba aniambie alama: kijito kiko upande gani, mawe yalipangwaje, walikuwa wametembea muda gani toka nyumbani.

Alichukua kalamu mkononi mwangu akaifunga kifuniko. Akasema kwamba hilo atamwambia Marsela.

Nimejaribu tena mara mbili. Jibu ni hilo hilo. Haniadhibu, nadhani. Nafikiri hawezi tu kuniwekea mkononi kitu kile. Na mimi nikijiuliza kama ningekuwa yeye, naona nisingeweza pia.

Kwa hiyo nakuandikia siyo kuomba unisamehe. Hilo utaliamua kwa wakati wako na nitalipokea lolote litakalokuwa. Nakuomba uje. Shule unayofundisha ikifunga, usingoje Krismasi. Mama mdogo anasema mashine ziko kilomita chache toka kwenye mteremko, na mvua tu ndiyo inaweza kuzichelewesha. Kumbukumbu ya Mama bado iko safi, lakini siku nyingine anachanganya majina ya watoto, na hilo limeanza baada ya upasuaji. Hela yote iko pale, imezidi mahitaji. Ukitaka kwenda na shemeji, nendeni nyie wawili, mimi nitabaki na Mama na watoto wote, wenu na wangu. Ukitaka tuende mimi na wewe, nitakuja nyuma yako na mizigo, na wewe ndiye utakayejua njia. Ukikataa vyote pia, njoo umsikilize tu.

Msalimie shemeji, na umweleze mwenyewe kwa maneno yako, sitaki asikie kwa mtu mwingine. Wabusu wapwa zangu. Salima anawasalimu, na Mustapha pia, anasema Hadia msimwache aondoke bila kula. Mama naye yuko hapa karibu yangu, ameniuliza naandika nini nikamwambia nakuandikia wewe, na nimeandika yote. Amesema nikuambie uje na viatu vya kutembelea.

Ni mimi kaka yako,

Sixte