Hatukusimama Kwenye Kibao

Mpendwa Mama Verna,

Nisaidie katika safu yako ya gazeti kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna mtu anakuja kulitazama gari letu alinunue, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba huenda gari hilo halina kosa lolote. Majina nimeyabadili, ingawa hapa Streaky Bay, kwenye pwani hii ya Australia, tuko wachache na ukifika aya ya pili majirani watakuwa wameshatujua.

Mume wangu Murray ana miaka sitini na nane na macho yake yameharibika katikati, anaona pembeni tu, akitaka kukutazama anageuza kichwa kama kuku anayetazama punje, na mwaka jana alikwenda mwenyewe kurudisha leseni bila kungoja kunyang'anywa, nikampenda upya siku ile. Miaka arobaini na moja dereva alikuwa yeye, mimi nikikaa kushoto kwake na chupa ya chai mapajani. Gari letu la zamani lilikuwa fowili ya kizamani, ya kuvutwa na magurudumu yote manne, yenye mkono wake wa pili wa gia sakafuni, na kila Pasaka tulipokwenda ufukweni kuvua salmoni alisimama pale kwenye kibao ambapo barabara inaishia na mchanga unaanza, akashuka, akazungusha kwa mkono vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele ili nayo yavute, akazungukazunguka gari huku akipiga mluzi, mimi namimina chai, halafu akarudi, akavuta gia, tukaingia mchangani. Kwa hiyo nilijua kwamba watu husimama kwenye kibao ili kufunga magurudumu ya mbele, basi.

Sasa kwa kuwa dereva ni mimi, Murray akanichagulia gari jipya, na laiti ungemwona alivyolichagua, wiki tatu yuko mezani na kioo cha kukuzia maandishi, pua imegusa karatasi, mpaka siku moja akaniita akapanga visosi vinne kama magurudumu.

"Glenys, njoo uone maajabu. Hili kwa kawaida linavutwa na magurudumu ya mbele. Lakini kila gurudumu lina kihisi chake, na moja likianza kuteleza, gari lenyewe linajua. Linapeleka nguvu nyuma kabla hujasema lahaula."

"Na mimi nivute nini?"

"Huvuti kitu, mama. Wewe endesha tu."

Na kweli, Mama Verna, nililipenda gari lile. Mvua iliponyesha nikawa kwenye barabara ya changarawe ya kwenda Poochera, lori la ngano likanipita likanirushia tope, nikahisi mkia wa gari unataka kukimbia kisha ukashikwa, taratibu, chini ya kiti changu, kama kuna mtu ameniwekea mkono kiunoni. Sikuwahi kujiona dereva maishani mwangu mpaka siku ile.

Wiki iliyopita nikasema twende ufukweni tujaribu kabla ya Pasaka. Njiani Murray akasinzia na ndoana zake mapajani, nikafika kwenye kibao, nikajiambia hili halina cha kufungwa, nisimame nifanye nini, nikapita. Hatukufika hata mita mia mbili. Gari likawa zito, nikakanyaga mafuta, likazama, nikakanyaga zaidi, ikaja harufu ya kuungua na taa ya manjano, na nilipochungulia nje niliona magurudumu ya mbele yanazunguka peke yake, ya nyuma yametulia kama hayahusiki. Murray akaamka akauliza, "Ulisimama kwenye kibao?" Nami nikasema, "Nilisimama." Hata sijui kwa nini. Niliona ni uongo mdogo, kwani hakukuwa na kifungio cha kuzungushwa.

Shemeji yangu Rex akaja kutuvuta na fowili yake ya mwaka wa themanini na saba, akicheka tangu mbali. "Shemeji, umeleta friji ufukweni! Gari lisilo na gia ya fowili ni toroli la dukani, nilisema mimi!" Murray alikuwa amekaa pale mchangani, nikamsikia akisema polepole, "Mimi ndiye niliyelichagua. Macho yalikwenda, sasa na akili imefuata." Tangu siku hiyo hataki kuchagua kitu, hata rangi ya soksi ananiuliza mimi, na ameshamkubalia Rex kwamba gari liuzwe na Pasaka atakwenda naye.

Kesho yake nilikuwa kituo cha mafuta, jirani yangu anapima tairi, kikatoka kile kisauti, fsss, nikaduwaa. Kisauti kile nimekisikia miaka arobaini na moja pale kwenye kibao, chini ya mluzi. Nikapima upepo wa tairi zetu, thelathini na sita zote nne, ngumu kama mawe. Je, lililoshindwa ni gari au ni mimi? Na kama ni mimi, nimwambieje mume wangu ambaye sasa hata mimi nikimweleza kitu ataona namhurumia?

Glenys, Streaky Bay

*

Glenys,

Aliyeshindwa ni wewe. Nimeanza na hilo ili tulimalize. Gari lako halina kosa, na aliyelichagua hana kosa, na wewe umejua hivyo tangu pale kituo cha mafuta. Hukuniandikia kuuliza, umeniandikia ili nikusukume.

Mimi niliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, lakini kabla ya kukujibu nilimpigia simu Stavros, fundi wa hapa, mtu asiyesifu gari ovyo. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Mama Verna, huyo mzee wa visosi nimpe kazi leo leo. Amelieleza kuliko wauzaji wote."

Murray alikwambia kweli tupu. Ila kuna kipande kimoja ambacho visosi havikuonyesha, nami nakueleza kama Stavros alivyonieleza. Mbele ya ekseli ya nyuma kuna klachi, sahani nyembamba nyingi zimepangana. Mbele kukiteleza, kompyuta inazibana, nguvu inakwenda nyuma; mbele kukitulia, inaziachia. Inafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde wala hupati habari. Ule mkono uliouhisi kiunoni njia ya Poochera ndio huo. Mimi nikiwaza kwamba kitu hicho kinafanya kazi kimya kimya chini ya mama anayekwenda kununua maziwa, navua kofia.

Lakini klachi ikibanwa na kuachiwa kwa muda mrefu kwenye mchanga mzito inapata moto. Ikizidi moto, gari linaiachia moja kwa moja lisije likaiunguza, linabaki kuvutwa na mbele tu, na linakuwashia taa. Gari halikukutoroka, Glenys. Lilikuwa linajiokoa na mguu wako! Kila ulipokanyaga mafuta uliliongezea moto. Na huo moto wote ulianzia kwenye tairi, kwa sababu tairi gumu linachimba shimo, na tairi lililopunguzwa upepo linajitandaza na kukanyaga juu ya mchanga. Hakuna kompyuta iliyoundwa kushuka kwenye gari kama lako na kupunguza upepo. Kazi hiyo ni ya mtu.

Na Rex, maadamu atasoma hapa kama wasomavyo wote: wewe baba, umevua miaka hamsini kwenye ufuko ule, umefika ukalikuta gari limezama na tairi zimejaa upepo, na hukuziona. Ulikuja kucheka. Nyamaza basi.

Sasa nikugombeze kidogo, Glenys. Miaka arobaini na moja mwanamume anazunguka gari na wewe hukuwahi kumwuliza anafanya nini? Na uongo wako haukuwa mdogo. Mtu aliyekwisha kupoteza macho, ulimwacha aamini kwamba amepoteza na akili, ili wewe usionekane mzembe. Najua ulitishika, na ningekuwa mimi ningetishika vilevile. Lakini kila siku unayokaa kimya, yeye anazidi kuamini.

Kwa hiyo mpigie simu huyo mnunuzi leo, umwambie gari haliuzwi. Saa nne, wakati wa chai, mkalishe Murray, panga visosi vyake vilevile vinne, umwambie maneno haya na usiyapambe: "Sikusimama. Nilikudanganya. Ulichagua vizuri." Akikasirika, akasirike, hasira hiyo ni afadhali kuliko kumwuliza mkewe rangi ya soksi.

Pasaka nendeni wenyewe. Ondokeni maji yakiwa yanakupwa, chukueni koleo, kamba na pampu ya upepo, Rex afuate nyuma akitaka. Soma kitabu cha gari. Stavros anasema kina kitufe chenye picha ya mchanga, ukibonyeze kabla hujaingia. Mchangani nenda mwendo mmoja, mguu mwepesi, usikate kona kwa ghafla, na ukihisi linazama ondoa mguu, rudi nyuma kwenye njia yako mwenyewe. Taa ikiwaka, simama lipoe. Kule kwenye mchanga laini ulio ng'ambo ya miamba usifike, tumbo la gari lako liko chini mno kwa huko. Mkirudi barabarani jazeni upepo kabla ya kukimbia.

Na kabla ya hayo yote, simama kwenye kibao. Zima injini, kaa kimya, mwache Murray ashuke. Mpe kipimo cha upepo mkononi. Wewe msomee namba tu, kutoka thelathini na sita hadi kumi na nane; kutoa upepo ni kazi yake, aliifanya maisha yake yote kwa vidole na masikio, na vyote viwili bado anavyo. Atashika mwili wa gari kwa mkono mmoja, atazunguka. Usimharakishe, usimshike kiwiko.

Ukisikia ameanza kupiga mluzi, mimina chai.

Mama Verna