Saa Iliyovunjikia Shavuni kwa Shemeji Yako

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, mchumba wangu uliyenikimbia,

Hujambo? Baridi ya huko imeshakutoa makamasi? Mimi sijambo, ukiondoa meno mawili, ubavu mmoja na jicho lililofunga duka. Dada yako naye yu hai, na neno hilo naliandika kwa kiburi.

Najua fundi cherehani jirani alikupigia kukwambia sijafa. Zaidi ya hapo nilimkataza, maana haya ni ya kusema mwenyewe, na simu yangu ya tochi ilizama kwenye ndoo wakati wa vita. Tulia usome.

Kwanza nikiri. Ile saa ya mkononi uliyonitumia, ya kuhesabu mapigo ya moyo na kupima msongo wa mawazo, sikuivaa hata wiki. Kila nikivuta sigara moyo unaruka, nawe huko unapiga simu kama askari. Kwa kuwa uliiunganisha na simu ya dada yako, nikamvalisha yeye. Nikamwambia, "Vaa, mpumbaze huyo daktari wetu, nivute kwa raha." Akacheka, akavaa. Ukawa unanisifia moyo wa kijana, nami natoa moshi puani.

Jumatatu ukanipigia. "Babu, mbona kila ikifika saa kumi na mbili jioni moyo wako unakimbia mpaka mia na sitini na alama inawaka nyekundu? Una mwanamke?" Nikajibu ninao wawili, tukacheka. Nilipokata simu nikaizima sigara. Saa hiyo ndipo shemeji yako, yule fundi wa kuchomelea, anarudi nyumbani kutoka karakana.

Nikakumbuka gauni za mikono mirefu anazovaa dada yako kwenye joto hili, na nilivyomtania kuwa anaonea haya viwiko vyake. Mjinga mimi.

Jumanne nikajificha nyuma ya mlango wa jiko lao na kile chuma changu cha kunolea visu, cha miaka arobaini ya bucha. Lango likalia. Dada yako akaacha kumenya viazi, akaificha saa chini ya mkono wa gauni. Bwana yule hata salamu hakutoa. Alimshika nywele akampigiza uso kwenye ukingo wa sinki. Mara moja. Ya pili sikumruhusu.

Nilimpiga kwa kile chuma kwenye kiwiko. Mfupa wa mtu, mjukuu wangu, unalia kama wa mbuzi tu. Akanirudishia ngumi ya meno, akaniangusha, akanikanyaga ubavu huku ananiita mzee mchawi. Nikamng'ata mguu kwa meno yaliyobaki. "Niachie, babu! Niachie!" Leo mimi babu! Alipoinua kwa mkono mzima sufuria ya mafuta ya moto ya kukaangia viazi animwagie, dada yako akamtandika ngumi ya shavu kwa mkono wenye saa. Kioo kikapasukia ndani ya nyama, mafuta yakammwagikia mwenyewe, akaanguka. Dada yako hakuacha kupiga. Ilibidi nimshike mimi, nimekaa sakafuni, natema damu na kucheka.

Ndiyo maana uliona mapigo yamefika mia na tisini, kisha mstari ukalala. Iliyokufa ni saa. Pole kwa machozi, ingawa nimefurahi kusikia ulinililia. Nilidhani ungeuliza urithi.

Shemeji yako yuko rumande, mkono kwenye plasta. Ndugu zake walikuja kusema mke arudi, mambo yaishe nyumbani. Niliwaonyesha chuma cha kunolea, wakaelewa haraka.

Jana jioni dada yako alikuwa chumbani kwangu ananishonea kifungo. Ilipofika saa kumi na mbili, lango la jirani likalia. Sindano ikamponyoka. Nikamshika kifundo cha mkono, nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu kwa vidole kama ulivyonifundisha. Mia na arobaini. Sikumwachia. Nikahesabu tena, na tena, namwambia matusi yote niliyojifunza bucha, mpaka akacheka. Themanini na mbili.

Kwa hiyo usitume saa nyingine. Saa kumi na mbili kila siku nina kazi.

Dada yako anakusalimu, fundi cherehani pia. Msalimie mumeo, mwambie chuma bado ninacho. Mungu akulinde, na akikawia, niite.

Wako akupendaye kwa meno yaliyobaki,
Babu