Njuga za Farasi wa Sultani

Mdogo wangu Omari,

Hamjambo hapo Lamu? Huku China, Guangzhou ni joto tupu, lakini leo nimecheka. Kwenye duka la mapambo mtaani Sanyuanli nimemkuta bwana mmoja wa Nigeria, mtunza farasi wa sultani wao. Sikukuu iliyopita mapambo mapya yalimwasha farasi masikioni, nusura ambwage sultani mbele ya watu. Basi safari hii hanunui bila kujaribu, na wallahi akanivisha mimi!

"Tikisa kichwa."

Nikatikisa, njuga zikalia, laoban mwenye duka akacheka mpaka akakaa chini.

"Hayawashi," nikasema.

Bwana yule akanipapasa shingo, akanilisha tende.

Punda wako nimemchukulia pambo jekundu. Mwambie tu asianze kudai tende.

Nawapenda nyote,
Kakako Swaleh