Chumvi Niliyoipunguza Ramadhani

Mpendwa Bi Mwanakheri,

Naomba unisaidie na usinicheke, maana nshakonda kwa jambo ambalo mwengine angeliona la kijinga. Miye nnaishi Kikwajuni na mama mkwe wangu, nimwite Bi Dalal, ambaye chevda yake, ule mchanganyiko wa njugu na dengu za kukaanga, imejaa madukani Mlandege, pakti zina jina lake, na kila karai likipoa ndiye anayeonja, konzi nzima, karai sita kwa siku, na daktari kamwambia kwa presha ile chumvi itammaliza, naye akajibu, "Chevda bila chumvi kawape kuku." Basi ilipoingia Ramadhani hakuna wa kuonja, sote tumefunga, kazi ya kupima viungo ikawa mikononi mwangu, na shetani naye kafungwa kwa hiyo sijui nani alinituma, nikakipunguza kikombe cha chumvi kidole kimoja, wiki ya pili vidole viwili, na sukari vivyo hivyo, mpaka kufika Idi tunatia nusu.

Idi mosi akaonja. Akatafuna, akachota tena, akasema, "Mwaka huu njugu zinasikika," basi. Wenye maduka hawakurudisha hata pakti moja, na juzi kapimwa, presha imeshuka, Alhamdulillahi, nililia chooni kwa furaha. Lakini miye nnakaribia kujifungua, na Jumaapili atamkabidhi wifi yangu Fathiya kile kikombe, naye atakijaza pomoni kama alivyofunzwa. Nikinyamaza, mama atarudia chumvi ile ile. Nikisema, atajua nimemchezea jina lake, tena mwezi mtukufu. Nifanyeje?

Rasha (si jina langu), Kikwajuni

Rasha mwanangu,

Pumua kwanza, usije ukamzalia mtoto kwenye karai. Umefanya jema kwa njia ya kificho. Jina lililoko kwenye pakti si lako, na wanaonunua nao wana haki ya kujua wanakula nini. Mdomo ulikuwa nao, ungesema! Hapo nnakugombeza, na utanisamehe.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na naona wewe mwenyewe hukuisoma. Mtu aliyeionja chevda hiyo maisha yake yote, chumvi ipungue nusu asijue? "Mwaka huu njugu zinasikika." Lawama iko wapi hapo? Tena akachota mara ya pili! Huyo anajua, mwanangu. Anakungoja useme, na kwa ukaidi wake hatoanza yeye.

Basi usingoje Jumaapili. Kesho baada ya alasiri, mkiwa wawili tu, mpe shikamoo yake, kaa chini, mwekee kikombe mapajani, umwonyeshe unapofikisha. Mwambie, "Mama, nilipunguza kwa kuwa nnakupenda, nikaogopa kukwambia. Niwie radhi." Akifoka, mwache afoke, atachoka. Kisha mwombe akitie kikombe alama ya msumari kwa mkono wake, Fathiya asiipite, na kwenye pakti muandike kuwa chumvi na sukari zimepunguzwa. Vidonge vyake asiviache hata siku moja. Na hizo konzi zikome, kuonja ni chembe mbili tatu.

Ukishajifungua salama, inshaallah, niletee pakti moja. Miye nami nina presha, chevda nimeiacha mwaka wa tatu huu, na tangu nisome barua yako mate yananitoka.